Hewa ya Chumba cha Mzazi

Siku niliyokwenda hospitali kumwona Salumu, mafundi walikuwa wakipaka chokaa ukuta wa ukumbi. Harufu yake ilinipokea nikiwa bado nje, ile harufu mbichi inayokwaruza koo, nami bila kujijua nikavuta pumzi, nikajaza kifua, nikaibana, ndipo nikavuka kizingiti cha wodi. Nilifika mpaka kitandani kwake hivyohivyo, mashavu yamevimba, chupa ya uji mkononi. Muuguzi akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Ikabidi niiachie ile pumzi ili nimjibu kwamba siumwi, ni mazoea tu. Alinitazama kama anayefikiria kuniandalia kitanda na mimi.

Salumu ni mdogo wangu, tumebaki wawili. Amelazwa kwa ajili ya kifua. Wamemwekea mpira mwembamba puani wa kumwongezea hewa, na hata hivyo kila pumzi anaivuta kwa kazi, hata anayemsikiliza hujikuta anamsaidia. Nilivuta kiti nikakaa, nikaliangalia blanketi lake likipanda na kushuka. Lilipochelewa kupanda, moyo wangu ulisimama ukilingoja. Hofu ile naijua. Niliipata nikiwa mtoto, kwa mtu huyuhuyu, na wakati ule pia kulikuwa na harufu ya chokaa.

Siku hizi nakaa kwa mwanangu, huko mtaa wa Picha ya Ndege, lakini sisi kwetu ni Kisarawe. Tulikaa nyuma ya maduka, si mbali na boma la Mwingereza. Bendera yake tuliiona tukiwa uani tunaosha vyombo. Baba alikuwa na shamba la mihogo na mikorosho, tena akifanya biashara ndogo ya kununua makopa, mihogo iliyokaushwa, kwa wakulima na kuyapeleka Dar es Salaam. Kulitokea wakati biashara ikamnyookea, naye akafanya alichokiota miaka yote: akabomoa nyumba yetu ya makuti akajenga ya bati. Kuta zilikandikwa zikapigwa lipu ya chokaa na mchanga, madirisha yakawekwa mbao zinazofunga sawasawa, na mvua ikinyesha ilitubidi tupaze sauti ili tusikilizane. Watu walikuja kuitazama. Baba aliupiga ukuta kwa kiganja na kuwaambia kwamba hapa hata sisimizi hapiti. Nyumba nzima ilinuka chokaa kwa miezi, na sisi watoto tulitembea kifua mbele.

Furaha hiyo ilikuwa na doa. Baada yangu mama alizaa watoto wawili, na wote wawili walizikwa kabla ya arobaini kwisha. Wa kwanza simkumbuki. Wa pili namkumbuka, jinsi alivyonishika kidole akakataa kukiachia, halafu asubuhi moja nikaambiwa nisiingie chumbani, na uani wamesimama wanaume wanazungumza chinichini. Bibi yangu mzaa baba, ambaye ndiye aliyekuja kutoka Kibuta kumlea mzazi, alisema mtoto amepigwa na upepo. Nyumba ya makuti ilikuwa na matundu kila upande, upepo ulipita upendavyo, na bibi hakuwa na shaka hata chembe. Kwa hiyo mama alipojifungua Salumu ndani ya nyumba mpya, bibi alishuka na mizigo yake akiwa na nia moja tu, kwamba safari hii upepo hautamwona mtoto.

Wa rika langu mnakijua chumba cha mzazi kilivyokuwa. Mama alilala kitanda cha kamba, na uvunguni pakawekwa chungu cha makaa, usiku na mchana, ili mgongo wake upate joto. Kulikuwa na maji ya moto ya kumkanda, uji wa pilipili manga, ubani kwenye chetezo. Hayo yote ni ya siku zote. Aliloongeza bibi lilikuwa kuziba. Alifunga dirisha, akachana kanga kuukuu vipande vipande akavisokomeza kwenye kila ufa, akapanda juu ya kinu akajaza matambara kule bati linapokutana na ukuta, na mlangoni akatundika shuka zito. Alipomaliza alisimama katikati ya chumba, akainua kiganja, akageuka taratibu pande zote akisikilizia kama pana kitu kinachopita. Hapakuwa na kitu. "Lelo tutalala," akasema. Leo yake ilikuwa lelo maisha yake yote, Kizaramo hakikumtoka mdomoni. Mimi nilimwamini, kwa sababu upepo niliuogopa kuliko nyoka.

Shuleni tulikuwa wasichana wachache katikati ya wavulana, na mimi nilikuwa na tabia ambayo haijaniisha mpaka leo, ya kutaka ionekane kwamba nimeweza. Mwalimu wetu alikuwa kijana mwembamba, aliyependa kutuonyesha vitu kuliko kutuandikia ubaoni. Siku moja, Salumu akiwa bado mchanga kabisa, aliingia darasani na pampu ya baiskeli, bilauri kadhaa na chupa ya maji. Akatuambia yale ni maji ya chokaa. Unakoroga chokaa kwenye maji, unaiacha itulie chini, kisha maji ya juu unayamimina polepole. Tukayatazama, yalikuwa maangavu kama ya kunywa. Kwanza alitumbukiza mpira wa pampu kwenye bilauri moja akasukuma hewa ya mle mle darasani. Mapovu yalipanda na kupasuka, maji yakabaki vilevile. Kisha akachukua kikonyo cha jani la mpapai, kile chenye tundu ndani, akapuliza kwa mdomo kwenye bilauri ya pili. Maji yakaingia ukungu, ukungu ukazidi, mwisho yakafanana na tui la mwisho.

Alitueleza kwamba hewa tunayoivuta na hewa tunayoitoa si moja. Ikiingia kifuani, mwili unachukua sehemu unayoihitaji, na unapoitoa unairudisha ikiwa imechanganyika na kitu kingine ambacho mwili haukihitaji. Hicho ndicho kinachoyageuza maji. Akasema watu wakijifungia chumbani hewa yao huchakaa, na ndiyo maana nyumba hutiwa madirisha. Leo naweza kuyasema haya kwa ufasaha. Siku ile nilisikia nusu, maana vikonyo vilikuwa vimeshagawiwa na mimi nilikuwa naingoja zamu yangu ili niwashinde wavulana.

Niliwashinda. Nilipuliza mpaka macho yakatoka machozi, na maji yangu yakawa meupe kuliko ya wote. Mwalimu akaiinua bilauri yangu juu darasa zima liione, nami nikakaa mkao wa mtu anayesifiwa, hadi kijana mmoja nyuma yangu aliposema, "Huyu ana sumu kifuani." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, kengele ikagongwa, akakusanya bilauri zake akaondoka. Hakuna aliyeniambia kwamba maji yangu yalizidi weupe kwa sababu tu nilipuliza muda mrefu kuliko wenzangu. Nilitoka pale na lile neno la sumu, na kwa akili yangu ya wakati ule lilikuwa limethibitishwa na mwalimu mbele ya mashahidi.

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nikipumulia kiganja na kukinusa. Hakikunuka kitu, na hilo halikunifariji. Halafu nikakumbuka jambo lililonikalisha chini pale pale kando ya njia. Yule mtoto wa pili, aliyezikwa, nilikuwa na mchezo naye. Nilimsogelea uso kwa uso nikampulizia machoni, naye akafumbafumba na kukunja pua, nikacheka. Nilimfanyia hivyo kila siku. Bibi alisema amepigwa na upepo, na kumbe upepo wenyewe, nikaona sasa, ulikuwa wangu.

Sikumwambia mtu. Jambo la namna ile mtoto halisemi, analibeba tu. Nilijipangia mwenyewe cha kufanya. Nikitumwa chumbani kwa mama kupeleka maji au kutoa vyombo, nilisimama nje ya lile shuka, nikajaza kifua, nikaingia, nikafanya nilichotumwa mbio mbio, nikatoka kutweta uani. Nikisemeshwa sikujibu, nilitikisa kichwa. Mama akinyoosha mikono akiniambia njoo umpakate mdogo wako, nilirudi nyuma nyuma mpaka mlangoni. Mara moja, nikiwa natweta nje ya shuka, nilimsikia akimwambia bibi kwamba nimeingiwa na wivu, simtaki mtoto. Bibi akamjibu kwamba wivu wa mtoto huisha wenyewe. Nililia peke yangu nyuma ya choo. Nilimtaka yule mtoto kuliko kitu chochote, na nilikuwa na hakika kwamba nikimkaribia atakufa.

Hofu ikishaingia hutafuta pa kutanuka. Nilipomaliza kujiogopa mwenyewe nikaanza kuwaogopa wengine, maana ingawa wao hawakuwa na sumu kama yangu, bado walikuwa wanapumua. Siku walipokuja ndugu za mama kutoka Kongowe kumpa hongera, chumba kilijaa wanawake, wamekaa mkekani, wengine kitandani, wanazungumza wote kwa pamoja na kucheka vinywa wazi. Mimi nilisimama mlangoni nawatazama vifua vikipanda na kushuka. Kila aliyecheka nilimwona anachukua fungu la mdogo wangu. Mwisho nikashindwa kuvumilia. Nikapiga kelele kwamba mbuzi wamevamia makopa ya baba kule uani. Walitoka wote, hata shangazi wa mama ambaye alikuwa hainuki mpaka ainuliwe. Hapakuwa na mbuzi. Makopa yalikuwa yamelala kwenye jua kama yalivyoanikwa, na mimi nikafinywa sikio likawaka moto. Lakini wakati wananifinya nilikuwa najiambia kwamba angalau mtoto amepumzika kidogo.

Bibi alikuwa mla tambuu. Ukimwona hana jani mdomoni basi amelala. Vitu vyake vya tambuu alivitia kwenye kijaluba cha shaba, popoo zilizokatwa, tumbaku kidogo, na chokaa laini kwenye kikopo chake chenye kifuniko. Ile chokaa ndiyo iliyonipa wazo. Kama maji ya mwalimu yanaweza kuitambua sumu, basi naweza kujipima mwenyewe nyumbani, na siku nikipona nitajua. Bibi alipojinyoosha mchana, nilichota chokaa kwa ukucha, nikaikoroga kwenye chupa, nikaiacha itulie. Maji ya juu niliyagawa kwenye bilauri mbili tulizokuwa tumeziacha kwa sababu ya nyufa. Moja niliiweka kando nikaifunika kwa kifuu. Nyingine niliichukua nyuma ya choo pamoja na kikonyo cha mpapai.

Nilipuliza, yakawa meupe. Nilijua yatakuwa hivyo, na bado niliumia. Sasa nikaamua, kama ni sumu, basi na itoke yote leo. Nikapuliza tena na tena, nikapumzika, nikapuliza, kichwa kikazunguka mpaka ukuta wa choo ukawa unayumba. Na ndipo nilipoona jambo ambalo mwalimu hakutuonyesha. Yale maji yalianza kurudi. Weupe ulipungua, ukapungua, mpaka nikauona ufa wa bilauri kwa upande wa pili. Maji yakawa maangavu kama mwanzo.

Wasomi wanalijua hilo. Ukizidi kupuliza, kile kilichoyatia maji weupe huyeyuka tena. Mimi sikulijua. Niliona kwamba nimeimaliza. Nilikaa pale chini kwenye mchanga, mdomo umekauka, nikashukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikainyanyua ile bilauri ya pili, iliyokuwa imefunikwa, nikaenda nayo kwa mama. Nilitaka iwe shahidi wangu. Ningeiweka karibu, ningepumua chumbani kama watu wengine, na maji yangebaki maangavu.

Bibi alikuwa ameamka na kwenda kisimani. Niliinua shuka, nikaingia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya darasani nikavuta pumzi ndani ya chumba cha mama. Hewa ilikuwa ya moto, nzito, imejaa ubani na makaa. Niliiweka bilauri chini, karibu na mguu wa kitanda, nikaondoa kifuu, nikakaa ukingoni. Mama alifungua macho taratibu sana. Alitabasamu, akasema, "Umekuja, mama?" Alipenda kuniita hivyo, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Nilimwambia nimekuja kumpakata mtoto. Akanisogezea Salumu mapajani, mkono wake ukaanguka kitandani kama umemshinda. Akasema kichwa kinamgonga tangu asubuhi, na kwamba mtoto leo amekuwa mpole, hata kunyonya hataki.

Nilimtazama. Alikuwa mzuri mno. Nilimpumulia utosini bila woga, nikahesabu vidole vyake, nikamweleza mambo ya shuleni ambayo hayamhusu. Mama alinyamaza, nikadhani anasikiliza. Baada ya muda na mimi nikaanza kuumwa kichwa, hapa kwenye paji, na miguu ikawa inalegea kama ya mtu aliyetembea mchana kutwa. Nikatupa jicho kwenye bilauri. Juu ya maji kulikuwa kumetanda ngozi nyeupe, nyembamba, kama utando wa maziwa yaliyopoa.

Hakuna aliyepuliza kwenye bilauri ile. Sikuigusa. Nilichofikiri ni kwamba sumu yangu imerudi, tena kali kuliko ya kwanza, inaruka mpaka kwenye maji yenyewe. Nikamtazama Salumu na kuona kwamba midomo yake imebadilika rangi na kichwa chake kinaning'inia kama shingo haina mwenyewe. Nikamtikisa, hakulia. Nikamwita mama, akaitika kwa mbali na hakufungua macho.

Sijui nilimfikishaje dirishani. Najua nilimweka juu ya sanduku la nguo lililokuwa chini ya dirisha na kuanza kuyang'oa matambara ya bibi, na mengine niliyavuta kwa meno. Komeo liligoma, nikaligonga kwa kiganja mpaka likaachia. Mbao zikafunguka, mwanga ukanipiga usoni, na upepo wa kutoka upande wa mikorosho ukaingia ndani ya chumba kile kwa mara ya kwanza. Nikamwinua mtoto nikamweka uso wake nje, mwili ndani. Nilikuwa nimeibana tena pumzi yangu, nimeibana mpaka masikio yanalia.

Bibi alinikuta hivyo. Nilisikia ndoo ikianguka na maji yakimwagika. Alinishika bega akanigeuza, macho yamemtoka. "Unataka tumzike na huyu?" akaniuliza. Nilitaka kumjibu nikashindwa, maana ili niseme ilinibidi nipumue. Alinitikisa, pumzi ikanitoka yenyewe na maneno yote yakatoka nayo, sumu ya kifuani, bilauri, yule mtoto niliyekuwa nikimpulizia machoni. Nilimwambia, "Nimewaua mimi, bibi. Na huyu nimemmalizia hewa." Nikamwonyesha bilauri. Aliitazama, akainama, akachovya kidole kwenye ule utando akakionja.

"Hii chokaa yangu," akasema.

Wakati huo huo Salumu alipiga chafya. Kisha akakunja uso, akajikusanya, akatoa kilio kidogo kibovu, kikafuatiwa na kikubwa. Bibi alimchukua haraka, akageuka kulifunga dirisha, mkono wake tayari uko kwenye ubao. Na mama, ambaye tulimwona hajitambui, akasema kutoka kitandani, polepole, "Mama, liache. Kichwa kinanifunguka." Katika maisha yake yote sijapata kumsikia akimkatalia bibi neno, ila siku ile.

Bibi alisimama mkono juu ya ubao. Leo najua alichokuwa anakipima. Upande mmoja palikuwa na makaburi mawili, na yote aliyahesabu ni ya upepo. Upande wa pili palikuwa na mkwe wake anayefungua macho na mtoto anayelia kwa nguvu ambazo hakuwa nazo asubuhi. Hakusema amekosea, na mimi sikumsikia akilisema hilo mpaka alipokwenda kwa Mungu. Alivuta kile chungu cha makaa kutoka uvunguni kwa kijiti, akakitoa uani. Kisha akaleta kigoda, akakiweka juu ya sanduku la nguo, akapanda na uzee wake akakaa, mgongo wake umelielekea dirisha. Alikuwa mwanamke mpana. Upepo uliotaka kuingia ulilazimika kumzunguka, ukafika kitandani umekwisha ukali.

Kutoka pale juu ndipo aliponiita. "Njoo hapa, mke mwenzangu," akasema, utani wake wa siku zote, lakini hakuwa anatania. Alinivuta karibu akanishika kidevu. "Huyu mdogo wako alizaliwa kimya. Mama yako anajua, nawe hukuambiwa. Hakulia, hakupumua, amelegea kama kitambaa. Nilimwekea mdomo wangu nikampulizia, pumzi yangu mwenyewe, na tambuu mdomoni. Pumzi ya mtu ndiyo aliyoanzia. Ingekuwa sumu, asingefika lelo."

Nilimuuliza kama ya kwangu ni hivyo hivyo. Akaniambia nimpumulie usoni. Nilisita, nikampumulia kidogo tu. Akasema nyingine, kubwa, nikampa kubwa. Alifumba macho kama anayeonja mchuzi, akasema inanuka mihogo ya kuchoma, basi. Halafu akaniweka Salumu mikononi na kunikataza nisiguse tena chokaa yake.

Jioni baba aliporudi aliuona mgongo wa mama yake umejaza dirisha la nyumba yake mpya, akauliza kuna nini. Bibi bila kugeuka alimjibu kwamba amejenga nyumba isiyo na tundu, sasa yeye ndiye amekuwa pazia. Alikaa pale kila siku mpaka arobaini ikatimia, anatafuna na kutema kwenye kopo, na usiku alipokwenda kulala alilirudisha dirisha nusu, si lote. Makaa hayakurudi uvunguni. Mama alikandwa kwa maji ya moto tu, na siku ya kumtoa mtoto nje mimi ndiye niliyembeba kuvuka kizingiti, nikimpumulia kichwani njia nzima.

Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kuelewa vizuri. Makaa nayo hula hewa ya chumba, na yakifungiwa hutoa hewa yao mbaya isiyo na harufu, inayomlaza mtu taratibu hadi asiamke. Katika nyumba ya makuti yangeweza kuwaka arobaini nzima, matundu yakawasaidia watu bila wao kujua. Bibi alihamisha desturi ya makuti akaiingiza kwenye bati, akaziba na nyufa, kwa mapenzi. Ule utando kwenye bilauri haukuwa wangu, ulikuwa wa makaa. Na wale wadogo zangu wawili sijui walichukuliwa na nini, wala bibi hakujua. Elimu yote hiyo nimeipata, na kifua changu hakijaisikia. Nikinusa chokaa bado kinafunga mlango.

Salumu aliamka nikiwa katikati ya mawazo haya. Aliuvuta ule mpira kidogo pembeni. "Dada," akasema, "nilimsikia muuguzi akikuuliza. Umeingia umebana pumzi." Nilimwambia muuguzi ana maneno mengi. Alicheka, kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikawa kirefu, nikamshika mgongo mpaka kikapita. Ile hadithi anaijua tangu utotoni, ameisikia kwa mama na kwa bibi mwenyewe. Alipopata nafasi akaniomba dirisha. Lilikuwa limefungwa kwa sababu ya mafundi.

Muuguzi alisema mgonjwa wa kifua asipigwe na upepo. Sikubishana naye, alikuwa anasema alichofundishwa kwa wema wake, kama bibi. Nikamuomba nusu tu. Alipokubali nilifungua upande mmoja, nikakiburuta kiti changu mpaka pale, nikakaa, mgongo wangu umelielekea dirisha. Na mimi nimekuwa mpana siku hizi. Nilisikia baridi ikinigusa mabegani na kunizunguka. Salumu alifumba macho, blanketi likapanda, likakawia, likashuka. Nikaivuta pumzi yangu, pamoja na harufu ya chokaa, nikaiacha itoke.